Tundu la Ishirini na Sita

Pale Kibuye, mjini Kisumu, karibu na soko, hakuna mtu anayekutajia kipimo cha kweli. Sisemi kwamba watu ni waongo. Nasema tu kwamba kipimo, kama bei, ni mahali pa kuanzia mazungumzo. Ukitaka seremala akukatie ubao wa futi nne, unamwambia futi nne na nusu, kwa sababu unajua msumeno wake unavyokula. Naye akisikia futi nne na nusu anajua umeongeza, kwa hivyo anapunguza. Mnakutana katikati, ubao unaingia mahali pake, na hakuna aliyeibiwa. Nimeishi hivyo tangu nianze kazi, na sikuona ubaya wowote, mpaka nilipofunga kompyuta kwenye mashine ya kuchonga chuma.

Mimi ni fundi wa cherehani. Natengeneza za kukanyaga kwa mguu na za stima, na nyingi kati ya hizo zimeshona sare za shule za akina nyanya wa wateja wangu. Vipuri vya cherehani za namna hiyo havitengenezwi tena, na ukivipata, bei yake inakufanya uombe kiti. Ndiyo maana nilinunua mashine ndogo ya kuchonga chuma kutoka kwa karakana moja ya mjini iliyokuwa inafunga. Ni ya kukaa juu ya meza, haizidi mtoto wa chekechea kwa kimo, na ina magurudumu matatu ya kuzungusha kwa mkono. La kwanza linapeleka kitanda chake, kile cha kufungia chuma, kushoto na kulia, la pili mbele na nyuma, la tatu linapandisha na kushusha kichwa chenye kisu kinachozunguka. Mwenye karakana alinitajia bei, nikacheka. Nilicheka kwa heshima, mpaka naye akacheka, tukaanza upya. Kabla ya kutoa pesa nilihesabu skrubu zake zote, kisha nikazihesabu tena, nikakuta mbili hazipo. Akapunguza tena, safari hii bila kucheka.

Shida ya gurudumu la mkono ni kwamba linataka mkono. Mstari ulionyooka, hakuna neno. Lakini cherehani imejaa vitu vya mviringo, na kuchonga mviringo kwa magurudumu mawili ni lazima uyazungushe yote kwa pamoja, moja haraka na moja polepole, kisha ubadilishe, kama mtu anayesonga ugali kwenye sufuria mbili huku anamjibu mama mkwe. Kifundo cha mkono wangu wa kulia kikaanza kuniuma hata nikifunga kifungo cha blauzi.

Siku moja kwenye simu nikaona watu wa nchi za mbali wamefunga mota na kompyuta kwenye mashine kama yangu, nayo inachonga mviringo yenyewe, mwenyewe amesimama kando amekunja mikono. Nilishtuka. Nikatafuta bei ya vifaa kamili vya kufanyia hivyo, vikiletwa mpaka Kisumu, nikashtuka vizuri zaidi. Nikaweka simu chini na kuifunika kwa kitambaa.

Kisha nikaamua kuokoteza. Mota tatu nilizipata Nyalenda kwa jamaa anayevunja mashine kuukuu za kuchapia mabango. Si mota za kuzunguka ovyo kama ya feni. Hizi zinasogea kwa vijihatua vidogo, na kompyuta inahesabu kila kijihatua, kwa hivyo inajua kitanda kimefika wapi bila kukiangalia. Jamaa hakujua hayo. Alijua tu kwamba zina uzito, na aliziuza kwa kilo, pamoja na vyuma vingine. Sikuona sababu ya kumfundisha. Kompyuta ilikuwa laptopu ya zamani iliyovunjika bawaba, ambayo skrini yake inasimama ikiegemea mkebe wa grisi.

Bodi za umeme za kuendeshea mota ndizo zilizonivunja moyo. Zinauzwa kwenye duka moja mjini, la Mkikuyu aliyekuja Kisumu akiwa kijana akakaa, na ambaye Kijaluo chake kinatosha kununua samaki na kukataa mkopo. Bei zake zimebandikwa kwenye vikaratasi. Nilimwomba bei, akanionyesha kikaratasi. Nikamwambia hiyo nimeiona, naomba bei ya kuuza. Akanionyesha kikaratasi kilekile. Basi nikafanya linalofanywa: nikashukuru, nikageuka, nikatembea polepole kuelekea mlangoni. Mtu huitwa kabla hajafika mlangoni. Mimi nilifika mlangoni, nikatoka, nikasimama barabarani nikijifanya natafuta kitu kwenye mkoba, na hakuna aliyeniita. Ikabidi nirudi mwenyewe.

"Madam, umesahau kitu?" akaniuliza.

Nikamwambia kwamba yeye si mfanyabiashara, ni ukuta.

"Ningetaka kuuza nusu," akasema, akifunga bodi zangu kwa gazeti, "ningeandika nusu."

Nililipa. Nilitoka pale kama mtu aliyemwagiwa maji, na kwa siku kadhaa sikumwambia mtu yeyote, hata mume wangu.

Vibao vya kushikilia mota nilikatiwa na fundi wa vyuma ambaye kibanda chake kinapakana na changu. Pale kazi ilienda kama inavyostahili. Nilitaka tundu la kuingiza shingo ya mota, na nilijua ana mkono mzito, kila tundu lake linatoka kubwa. Nikamtajia kipimo kidogo kuliko nilichotaka. Naye ananijua. Akakuza zaidi kidogo kuliko kawaida yake. Shingo ya mota iliingia ikakaa kama mguu kwenye soksi. Tulipongezana kwa kutazamana tu.

Kuunganisha mota na skrubu ndefu zinazosukuma kitanda, nilianza na vipande vya bomba la mpira la kupitishia petroli vilivyobanwa kwa klipu, kwa sababu mpira nilikuwa nao. Mpira ulikuwa unajinyonga kabla ya kuzungusha, kitanda kikawa kinachelewa kuanza na kuchelewa kurudi. Nikarudi kwa ule ukuta kununua viungo vya chuma. Safari hii sikujaribu hata kutembea polepole.

Siku kitanda kiliposogea chenyewe mara ya kwanza, mume wangu alikuwa amesimama mlangoni. Yeye ni dereva wa tuktuk, na alikuwa ameniletea chai. Kitanda kilienda kushoto, kikasimama, kikarudi kulia, na magurudumu ya mkono yalikuwa yanazunguka bila mkono. Akarudi nyuma hatua moja.

"Nani anazungusha?"

Nikamwambia ni kompyuta. Aliinama akaangalia chini ya meza. Aliporidhika kwamba hakuna mtu, akauliza swali ambalo mimi, kwa hesabu zangu zote, sikuwa nimejiuliza.

"Sasa ikikataa kusimama?"

Tukaenda pamoja kununua kitufe chekundu cha kuzima kila kitu kwa kugonga mara moja. Kipo mpaka leo, na yeye ndiye anayekifuta vumbi.

Baada ya hapo ilibaki kuifundisha kompyuta ukweli. Nikiiambia isogeze kitanda sentimita kumi, isogeze kumi, si tisa na kitu. Nilipima kwa vanieri, kile kipimo cha chuma chenye taya mbili kinachosoma mpaka sehemu ndogo za milimita. Nikasahihisha, nikapima tena. Kisha nikaazima vanieri ya jirani, maana huenda yangu na kompyuta yangu zilikuwa zimeelewana. Zote zikasema kumi. Niliirudisha mashine nyuma, nikaipeleka mbele, na kila mara ilisimama palepale nilipoiambia isimame. Haikuongeza, haikupunguza. Hilo lilinitia wasiwasi. Ni kama vile umeajiri mtu mpya dukani, na kila unapomwuliza pesa ziko wapi anakuonyesha pesa.

Katika hali hiyo ndipo alipokuja mama wa Ahero.

Alikuwa mteja wangu wa siku nyingi, mjane wa umri wa mama yangu, ambaye cherehani yake nilikuwa nimeitengeneza mara mbili na kulipwa mara moja na nusu. Alikuwa amebeba kitu ndani ya leso kama mtu aliyebeba kifaranga. Alikifungua juu ya meza. Kilikuwa kisahani cha chuma kilichopasuka vipande vitatu, chenye tundu ambalo halikuwa katikati. Sisi tunakiita kamu. Tundu linavaa kwenye mhimili unaozungushwa na injini, na kwa kuwa haliko katikati, kisahani kikizunguka kinasukuma na kuvuta, na kile kinachosukumwa kinatikisika.

Kilichokuwa kinatikisika kwake ni chekeche ya mashine ya kukoboa mpunga. Ana mashine moja ndogo, kando ya mashamba ya mpunga ya Ahero, aliyoachiwa na marehemu mumewe. Chekeche isipotikisika, mchele na makapi vinatoka pamoja, na hakuna anayenunua mchele wa kupepeta mwenyewe. Mavuno yalikuwa yameanza. Wakulima walikuwa wameshaweka magunia yao uani kwake. Kwenye barabara kuu kulikuwa kumefunguliwa mashine nyingine, kubwa, yenye bango, na mkulima akienda kule hata mara moja akaona mchele umetoka mweupe, hatembei tena kwenye tope kwenda kwa mjane. Na mvua ilikuwa inanyemelea. Mpunga ukilowa unaota ndani ya gunia.

"Nyathina," akaniambia, yaani mwanangu, "nikikosa msimu huu, ile mashine nitamuuzia mtu wa vyuma kuukuu. Sitakuwa na wa kumkobolea."

Alikuwa amekuja na chuma chake mwenyewe, kipande kizito kilichokatwa kutoka gurudumu la injini ya mumewe. Nikakipima kwa macho, kisha kwa vanieri. Kingetoa kamu mbili, si tatu.

Unene na upana wa kamu niliupata kwa kuunganisha vile vipande vilivyopasuka. Tundu ndilo halikusomeka. Lilikuwa limelika likawa kama yai, na ndani yake kulikuwa kumebandikwa vipande vya mkebe wa soda, mtu fulani aliwahi kuziba ulegevu kwa njia hiyo. Nikamwuliza mama unene wa mhimili wake. Alifikiri kidogo. Sasa najua alikuwa anafikiri nini.

"Ishirini na sita," akasema.

"Milimita?"

"Milimita. Nimepima na rula."

Ingekuwa ni zamani, nikichonga kwa mkono, ningemsikia, nikaitikia, na nisimwamini. Ningeanza na tundu dogo, nikalikuza kidogo kidogo, nikaacha nyama ya kutosha, nikamwambia aje na mhimili wake au anipeleke mimi kwake. Lakini kompyuta ina kisanduku cha kuandika namba, na kile kisanduku hakina nafasi ya kuandika "kama ishirini na sita hivi." Niliandika ishirini na sita. Nikaangalia kama nimeandika vizuri. Nikaangalia tena. Nilihakikisha kila kitu mara mbili isipokuwa lile jambo moja lililotoka mdomoni mwa mtu.

Sitasahau jinsi ilivyochonga. Kisu kilishuka ndani ya chuma, kikaanza kuzunguka mduara mdogo, kisha mkubwa kidogo, unga mweusi unamiminika pembeni, na magurudumu yanazunguka moja haraka na moja polepole, yakibadilishana, ile kazi iliyoniharibu mkono. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda. Sikujua mikono niiweke wapi. Nilipotoa kamu na kuipima, tundu lilisoma ishirini na sita, na sifuri, na sifuri nyingine. Niligeuza vanieri nikapima upande wa pili. Sifuri na sifuri. Katika maisha yangu sijawahi kumpa mteja kitu kilichokuwa sawasawa na alichoomba. Nilikifuta, nikakifunga kwenye gazeti, nikapanda gari la Ahero nikiwa nimenyooka kama mtu anayekwenda kupokea zawadi.

Ua wake ulikuwa umejaa. Wakulima walikuwa wamekaa juu ya magunia yao, wengine wametandaza mpunga kwenye maturubai, na kila mmoja alikuwa na jicho moja upande wa vilima vya Nandi ambako mawingu yalikuwa yanajipanga. Walinipisha. Mama alinishikia taa ya simu chini ya mashine. Nikatoa kamu, wakaipitisha mkono kwa mkono wakiisifia inavyong'aa, ikanirudia, nikaivisha kwenye mhimili.

Iliingia kirahisi mno. Kisha nilipoiachia, ikalala upande, ikagonga. Nikaisukuma na kidole, ikagonga upande wa pili.

Halafu mama mmoja mkulima, aliyevaa gambuti za mumewe, buti za mpira zilizomfika magotini, akainama akaiangalia vizuri.

"Hii ni kamu," akauliza, "ama ni bangili?"

Walicheka kidogo, kwa uchovu. Mimi nilikuwa bado nimechuchumaa. Nikamgeukia mwenye mashine, nikamkumbusha kwamba yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, alisema ishirini na sita.

"Nilisema ishirini na sita," akajibu, naye ameshtuka kuliko mimi, "ili unipe ishirini na tano."

Nikamwangalia. Alikuwa ananitazama kama mtu aliyesalimia kwa mkono wa kulia akapokewa kwa wa kushoto.

"Kila fundi ananipa tundu dogo," akaendelea. "Haliingii, anasema gonga. Nikigonga, kamu inapasuka. Kwa hivyo naongeza moja, yeye anapunguza moja. Wewe si ni fundi? Kwa nini hukupunguza?"

Ningemwambia nini? Kwamba nimenunua mashine inayoamini watu? Nilibaki nimeshika ile bangili, na kichwani mwangu zilikuwa zinapita mbao zote, matundu yote, shingo za mota, kila kipimo nilichowahi kutaja na kila nilichowahi kutajiwa. Nilijaribu kukumbuka kimoja tu ambacho kilikuwa cha kweli. Nilirudia kutafuta, kama ninavyorudia kila kitu. Sikukiona.

Mzee mmoja mkulima alikuwa ameshakunywa soda yake na kuanza kukata mkebe kwa kisu. Alisema tuzungushie bati, tukaze skrubu, kazi iendelee. Na ukweli ni kwamba nilishawishika. Mawingu yalikuwa yameshajipanga. Mkono wangu ulikuwa tayari umenyooshwa kupokea lile bati. Lakini mama alikuwa amevirudisha nyumbani vile vipande vitatu vya zamani, bado viko kwenye leso, na aliviweka mbele yangu. Ndani ya tundu bado kulikuwa na bati la soda. Ndilo lililoiua ya kwanza. Skrubu inabana upande mmoja, bati linalegea upande wa pili, kisahani kinaanza kujigonga kwenye mhimili, na siku moja kinapasuka huku chekeche imejaa. Bila kujua, alikuwa amenitunzia ushahidi.

Nikatoa vanieri. Nilipima mhimili mwanzo wake, katikati, na mwisho, kisha nikarudi kuanzia mwisho. Ulikuwa ishirini na tano kasoro kidogo, kasoro ya unene wa karatasi, kwa sababu ulikuwa umelika. Nikamwita mama aje asome mwenyewe. Alisogeza macho karibu, akayarudisha mbali, akasoma.

"Kwa hivyo hata ishirini na tano haikuwa," akasema taratibu.

"Haikuwa."

"Na ungenipa ishirini na tano, ingecheza."

"Ingecheza."

Akakaa chini kwenye gunia. Ndipo kwa mara ya kwanza nikaona kwamba na yeye alikuwa na hesabu yake ya maisha, na kwamba hesabu hiyo ilikuwa inaporomoka pale juu ya mpunga wa watu. Nikamwambia chuma kimebaki cha kamu moja. Akaniuliza nikikosea itakuwaje. Nikasema sitakosea, halafu nikajisikia nikisema hivyo, kama vile napandisha bei. Nikabadilisha. Nikamwambia nikikosea, basi hatuna kingine.

Mvua ilinyesha nikiwa njiani kurudi, maji yakitiririka kwenye vioo kutoka Ahero mpaka Nyamasaria. Kesho yake asubuhi nilifunga kipande cha mwisho kwenye mashine, nikakaa mbele ya laptopu, na nikaona kitu ambacho mpaka leo kinanitisha. Nilikuwa na kipimo cha kweli kwenye karatasi, nilichokisoma mwenyewe, na vidole vyangu vilikataa kukiandika. Vilitaka kupunguza kidogo. Si kwa sababu yoyote. Kwa usalama tu, kwa desturi, ili pawe na pa kurudi. Niliandika namba ndogo kidogo, nikaifuta. Nikaandika kubwa kidogo, nikaifuta. Mume wangu alikuwa amesimama karibu na kitufe chake chekundu, akaniuliza kama nimesahau namba. Nikamwambia naikumbuka, ndiyo shida yenyewe.

Mwishowe niliandika ile niliyosoma, na nafasi ya unywele kwa ajili ya mafuta. Hiyo si nyongeza. Hiyo ni kipimo, na mafuta nayo ni kitu.

Nilipofika Ahero maturubai yalikuwa yametandazwa juu ya magunia na pembeni kulikuwa na madimbwi. Wakulima wawili walikuwa wameondoka alfajiri na punda kwenda kwenye mashine ya barabara kuu. Wengine walikuwa bado wapo, lakini wamesimama, na mtu aliyesimama ameshaondoka nusu. Mama hakunisalimia. Alinyoosha mkono, nikampa kamu, nikamwomba aivishe mwenyewe.

Alipaka mafuta. Akaielekeza kwenye mhimili, akasukuma kwa kidole gumba. Ikaingia, polepole, ikifukuza mafuta mbele yake, mpaka mwisho, ikasimama. Akajaribu kuitikisa. Haikucheza. Akageuka kunitazama kwa mashaka makubwa.

"Leteni nyundo," akasema.

Nikamwuliza nyundo ya nini.

"Haijagongwa. Kitu ambacho hakijagongwa kinakaaje?"

Ilinichukua muda kumtuliza. Tulikaza skrubu, akawasha injini, na ile chekeche ikaanza kutikisika, kwanza kama mtu anayetetemeka kwa baridi, kisha sawasawa. Makapi yakaenda huku, mchele ukaenda kule. Mama wa gambuti alichota kiganja cha mchele wa kwanza, akaupuliza, hakukuwa na cha kupuliza. Akaita mtu kwa simu, akamwambia awarudishe wale wa punda. Wakulima wakaanza kuburuta magunia kupanga foleni, na wakaanza kugombania nani alitangulia, ambayo ni sauti nzuri sana kwa mwenye mashine. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama ameweka kiganja juu ya mbao za chekeche, anaisikiliza kwa mkono.

Ndipo akaniuliza bei yangu.

Nilikuwa nimeifikiria njiani. Nikaona, kwa kuwa tumefika hapa, acha nijaribu. Nikataja bei ya kweli, kazi ya kamu moja, ile ya kwanza nikiihesabu kuwa kosa letu sote wawili. Sikuongeza hata shilingi ya kupunguziwa. Nilihisi nimevua nguo mbele za watu.

Akanijibu nusu yake, bila hata kupepesa.

Nilifungua mdomo, nikamfikiria yule ukuta wa mjini na vikaratasi vyake, nikaufunga. Nikamwambia hiyo niliyotaja ndiyo bei, haina mahali pa kushuka. Akanitazama. Nadhani alikuwa anasubiri nianze kutembea polepole kuelekea barabarani ili aniite. Mimi sikutembea. Injini ilikuwa inanguruma. Mwishowe akasema nusu atanipa pesa, nusu atanipa mchele, na hiyo nikaona ni haki.

Akachukua gorogoro, ule mkebe mkubwa tunaopimia nafaka, akauchovya kwenye gunia lake la mchele mpya, mweupe, akautoa ukiwa na kilima juu, kama mkebe wowote wa gorogoro unavyotoka katika soko lolote la pwani hii ya ziwa. Mchele bila kilima haujapimwa, umeonyeshwa tu. Nikafungua mfuko.

Akaweka kiganja chake kwenye ukingo wa mkebe, akakiburuta taratibu kutoka upande mmoja mpaka wa pili. Kilima chote kikarudi kwenye gunia lake. Mkebe ukabaki bapa kama meza.

Nilishtuka mpaka nikasahau kuziba mfuko.

"Si ni wewe unayetaka kipimo kamili?" akasema, akamimina.

Akachota wa pili, akausawazisha vilevile, na wa tatu, huku anazungumza na mkulima aliyefuata kuhusu gunia lililolowa. Yote mitatu nikaihesabu. Alipogeuka kukaza kamba ya gunia, nilichota kiganja kimoja, nikaongeza kwenye mfuko wangu. Nilipoinua macho alikuwa ananitazama, na alikuwa ametulia kabisa, kwa mara ya kwanza tangu aje kwangu na leso.